Mwenye Nyumba wa Katoyi

Katoyi, Goma, tarehe 11 Februari 2024

Kwako Shangazi Donatille, Bunagana,

Barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu. Sisi hapa tumebaki watatu nyumbani na wote tunapumua. Mama muguu wake umepungua kuvimba. Kanisani anaenda kwa miguu, kurudi anapanda moto, ile pikipiki ya kukodi. Papa hana ugonjwa. Anasoma magazeti ya zamani na kusahihisha makosa yake kwa kalamu nyekundu. Ualimu haujamutoka. Avenue yetu imejaa watu waliokimbia vita, kwa jirani wanalala kumi na saba katika vyumba viwili, na makala ya kupikia imepanda bei mpaka mama anahesabu vipande.

Nakuandikia kwa sababu umekataza mambo ya familia kwa simu, unasema simu ina masikio mengi. Basi Benny dereva atapitia Gisenyi ya Rwanda na Kisoro ya Uganda, akuletee hii mukononi.

Jambo lenyewe ni kodi. Na neno lenyewe linanisumbua, kwa sababu kwetu pesa ya nyumba ni kodi na pesa ya serikali ni kodi. Ili tusipotee, ya serikali nitaiita takse. Katika mushahara wangu kuna sehemu ya makazi. Ukileta kontra ya kupanga nyumba, na risiti ya kila mwezi, sehemu ile haikatwi takse. Usipoleta, inakatwa kama mushahara mwingine. Mama Bénita, anayeshika hesabu kwa shirika letu, ametupa mpaka Juni.

Sasa mimi nalipa. Sijui kama papa alikuambia. Tangu nipate kazi ya depo, lile ghala la shirika, Julai 2022, namulipa dola mia kila mwezi kwa vile vyumba viwili vya nyuma. Ni yeye aliyesema bei. Nilikuja na mushahara wa kwanza, nikakuta amekaa mulangoni, akauliza: "Unakaa hapa bure?" Nikasema sijui. Akasema: "Mia moja, tarehe moja." Nilidhani ananitania. Nisamehe, Shangazi, lakini tangu siku hiyo nilimuona muzee bahili, maana wenzangu wote wanakaa kwao na hawaulizwi kitu.

Niliandika kontra kwa kifaransa, nikamupelekea. Alisoma yote. Alisahihisha makosa matano, akanipa alama kumi na nne juu ya makumi mbili, akanirudishia bila sinyature.

"Papa, hapa chini unaandika jina lako."

"Mutu hawezi kupangisha mutoto yake."

"Lakini nalipa kila mwezi."

"Ile haiko kodi. Ile ni mutoto kukumbuka wazazi."

"Na mwezi nikisahau kuwakumbuka?"

"Usisahau."

Hapo ndipo tulipoishia. Wewe umefanya makaratasi ya forodha miaka makumi mbili, na papa anakusikiliza kuliko padri. Muandikie mistari miwili tu, asaini. Ile pesa ya takse ingenilipia kozi ya kontabilite, ya kushika hesabu, ile ya Jumamosi.

Mutoto wako asiye na kontra,
Umwiza


Bunagana, 20 Machi 2024

Umwiza mutoto wangu,

Nimekusoma. Nimefurahi muguu wa wifi yangu Nyiramahirwe unapona. Mwambie aache chumvi. Huku baridi, mvua, na kazi. Jana peke yake malori kumi na moja yamepita hapa, ya saruji na ya mafuta ya kula. Unajua mwenyewe karatasi za malori kumi na moja.

Juu ya kodi: lipa takse. Takse haijaua mutu. Mambo ya nyumba ile muachie papa yako, asisumbuliwe na kontra. Ana umri.

Nimemupa Benny sabuni vipande vinne na maharagi ya rangi mbili. Usikubali akuambie maharagi yalikuwa ya rangi moja.

Shangazi yako,
Donatille

Bahasha ya barua yako nimeirudisha ndani ya hii. Bado ni nzima, itumie tena.


Katoyi, Goma, 14 Aprili 2024

Kwako Shangazi,

Tunashukuru kwa sabuni, na maharagi yalifika kwa rangi zote mbili. Mama hajaacha chumvi. Papa alipata kikohozi siku tatu, kikaisha bila dawa.

Nilishangaa na jibu lako. Wewe uliyewahi kukaa siku mbili kwenye mupaka kwa ajili ya katoni moja ya biskuti iliyotozwa mara mbili, leo unaniambia takse haijaua mutu. Nikasema labda umechoka. Nikaamua kujisaidia.

Kwanza niliuliza mama kama anaweza kusaini yeye. Akasema: "Mimi siko mwenye nyumba." Nikasema, basi papa ndiye mwenye nyumba, na papa hataki. Mama akainama kuchambua muchele. Ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

Nikamuuliza papa karatasi za parseli, za kiwanja hiki, ziko wapi, nipige kopi tu. Akasema ziliungua wakati volkano iliposhuka, mwaka 2002. Nikaondoka. Nilipofika barabarani nikakumbuka kwamba nyumba iliyoungua ni ile ya kule mutaa wa Virunga. Hapa Katoyi tuliingia baadaye. Nilikuwa na miaka sita, nakumbuka nilibeba sufuria kichwani.

Siku ya pili nikaenda kwenye biro ya quartier, ya mutaa wetu, kuomba atestasio, cheti cha kuonyesha kwamba papa, Muzee Théogène, mwalimu wa pansio, mustaafu, ndiye mwenye parseli. Nilifikiri, akiona jina lake limeandikwa na serikali, atasaini. Karani wao, Papa Munyakazi, alifungua kitabu kikubwa chenye jalada la plastiki, akapeleka kidole chini polepole. Kidole kikasimama.

"Huyu Nyirakamana Donatille ni mama yako?"

"Ni shangazi yangu."

"Basi yeye ndiye atakusainia. Alinunua mwezi wa kumi na moja, 2003. Hakuna mutu mwingine hapa."

Nikalipa atestasio. Ninayo mezani mbele yangu, ina jina lako na muhuri wa bluu.

Papa sijamuambia kitu, na mama pia. Nakuuliza wewe.

Umwiza


Bunagana, 2 Juni 2024

Mutoto wangu Umwiza,

Salamu kwa wote. Barua yako ilifika mwisho wa Aprili. Nilijiambia sina kalamu. Kalamu ninazo tisa.

Nitakuambia mara moja, na hutaniuliza tena.

Bwana wangu alipokufa mwaka 2001 aliniachia lori moja na hakuniachia mutoto. Januari iliyofuata, moto ulishuka Goma na nyumba ya papa yako ikaenda. Alikaa na mama yako na ninyi wanne katika darasa la shule moja, yeye mwalimu, akiamka mapema kukunja mikeka ili wanafunzi waingie. Miezi na miezi. Nilikuja kuwatembelea nikamukuta anafundisha hesabu na shuka zenu ziko nyuma ya ubao. Nikarudi Bunagana nikauza lori.

Parseli nilinunua kwa jina langu kwa sababu pesa ilikuwa yangu na muuzaji hakutaka maneno mengi. Nikamwambia kaka yangu aingie. Alikataa. Alisema mukubwa wa familia hawezi kulala kwa mudogo wake kama mugeni. Alikubali kwa sharti moja, alipe kodi. Basi akalipa, mushahara wa mwalimu unavyoujua, mwezi huu dola kumi, mwezi ule tano na kuku.

Mwaka 2011 nilishuka Goma, nikamwambia: "Kaka, imetosha. Twende kwenye biro tubadilishe jina." Alikataa kubadilisha jina. Alikubali kuacha kulipa, na kwa hilo tu alininunia mwaka muzima. Ninyi mliambiwa ni mambo ya ng'ombe. Sikuwa na ng'ombe.

Halafu mwaka 2022 kodi ikaanza kuja tena. Dola mia, kila mwezi, kupitia kwa Havugimana anayeuza vitenge Birere. Juu ya bahasha ameandika kwa mukono wake wa ubaoni: Kodi. Sikumuuliza. Nilisema uzee umemurudishia deni kichwani. Nikipokea, anajiona mwanaume. Nikirudisha, ni vita. Napokea. Sikujua mia ile inatoka kwako mpaka uliponiandikia Februari, na ndiyo sababu nilikujibu vibaya.

Kwa hiyo papa yako hawezi kukusainia, kwa sababu yeye pia ni mupangaji. Na mimi sisaini, kwa sababu karatasi yenye jina langu ikiingia katika nyumba ile, atajua kwamba watoto wake wamejua. Usimuambie. Nakuomba hili kwa jina la bibi yako uliyerithi jina lake.

Mimi niko muzima, na kazi ni nyingi.

Donatille


Katoyi, Goma, 7 Julai 2024

Kwako Shangazi,

Natumaini mvua imekatika huko. Huku vumbi. Mama anakusalimu, papa anakusalimu, na kila mumoja alinivuta pembeni kuniambia nisisahau salamu zake.

Tarehe ya Mama Bénita imepita. Sikupeleka kitu. Mushahara wa Juni umekatwa, na kozi ya Jumamosi nimeiacha.

Nina mambo mawili, na yote mawili niliombwa nisiyaseme.

La kwanza. Benny alipoleta barua yako nilimuuliza kama shangazi anafanya bado makaratasi ya malori. Alitazama magurudumu ya gari lake. Akasema: "Dada Umwiza, usiseme nilikuambia, biro yao ilifungwa tangu Juni 2022, Bunagana ilipoanguka mikononi mwa waasi. Mama Donatille anauza sabuni kwa vipande pembeni ya barabara." Nikakumbuka vile vipande vinne.

La pili. Tarehe mbili ya mwezi huu, papa alivaa shati yake nyeupe kama kila tarehe mbili, akasema anaenda Birere. Nilikuwa na konje, likizo ya kazi. Nikasema nitamusindikiza. Hakutaka, lakini nilikuwa nimeshavaa viatu. Tulitembea mpaka tukapita soko, halafu nikamwambia: "Papa, nilisoma kitabu cha quartier."

Alitembea hatua kama makumi mbili.

"Munyakazi bado anaandika vibaya," akasema. "Donatille iko na l mbili. Yeye anaweka moja."

"Ameweka mbili, papa."

"Basi amejifunza."

Tukafika mbele ya duka la Havugimana, hakuingia. Alikaa kwenye ngazi, nikakaa karibu yake, moto zinatupigia honi kwa sababu tumeziba njia. Nikamuuliza kwa nini alianza tena kulipa wakati wewe ulishamusamehe. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nikiyageuza atanisahihisha.

"Biro yao ilipofungwa nilimutumia dola makumi tano. Akarudisha. Akaandika: nisaidiwe na nani, mimi niko na kazi. Nikakaa nikafikiri. Mwezi uliofuata nikatuma tena, nikaandika juu ya bahasha, Kodi. Haikurudi."

"Na pesa ilikuwa ya nani?"

"Ya pansio. Pansio ikakatika. Wewe ukapata kazi."

"Mbona hukuniambia? Ningetoa."

"Ungemuhurumia. Donatille ukimuhurumia anasikia, hata ukiwa Goma na yeye Bunagana."

"Na kontra? Ungesaini tu, ningepata nafuu ya takse."

Akaniangalia kama nimekosea hesabu ya darasa la pili. "Niandike mimi ni mwenye nyumba, na sina nyumba? Mimi ni mwalimu, Umwiza."

Halafu akaingia kwa Havugimana na bahasha. Mimi nilibaki kwenye ngazi. Nilikuwa nalia, Shangazi, na mutu wa kuuza kadi za simu akaniuliza kama nimeibiwa.

Papa aliniomba nisikuambie. Wewe uliniomba nisimuambie. Mimi kazi yangu ni depo, na mufuko mumoja siwezi kuuandika katika stoku mbili. Nimemuambia yake, na sasa nimekuambia yako. Ukikasirika, ukasirikie mimi. Mia ya Agosti nitaitoa hata hivyo, na unaweza kuiita jina unalotaka.

Umwiza


Bunagana, 25 Agosti 2024

Umwiza,

Barua yako ilifika tarehe 20 Julai. Nimeikasirikia mwezi muzima, sasa nimemaliza.

Ni kweli. Nauza sabuni. Mwezi wa Machi nilikuandikia juu ya malori kumi na moja. Malori yalikuwepo. Yalipita.

Nilifikiri namufichia kaka yangu aibu yake, kumbe yeye ndiye anafunika yangu, na wewe katikati unatozwa kodi na takse. Bibi yako angetucheka sote wawili. Niliwaza sana juu ya zile makumi tano nilizorudisha. Wiki ile nilikuwa nimekula viazi tupu siku nne, na nikaandika jibu lile kwa kiburi, kwa mwandiko muzuri.

Sasa sikiliza. Bahasha ya Septemba isije. Kontra sitaki. Mwambie mama wa hesabu unakaa kwa shangazi yako, bure, akukate takse yote. Nimefanya hesabu mara mbili: ukilipa takse bila kodi, unabaki na pesa zaidi kuliko ukilipa kodi bila takse. Ninyi mliosoma mngeona hilo tangu Februari. Rudi kwenye kozi yako.

Na mimi nakuja. Tarehe 28 Septemba, na Benny. Nina godoro, majiko mawili, na katoni sita za sabuni ambazo nitaziuza Katoyi kama ninavyoziuza hapa. Nataka kimoja cha vyumba vya nyuma, kile chenye dirisha. Wewe utahamia kingine. Sitalipa.

Papa yako usimuambie kwamba nimeshindwa. Mwambie nimechoka na baridi.

Shangazi yako,
Donatille


Katoyi, Goma, 15 Septemba 2024

Kwako Shangazi Donatille,

Hii natumaini itakukuta bado hujafunga mizigo. Chumba chenye dirisha nimekitoa vitu vyangu. Kuta papa anazipaka chokaa mwenyewe, amekataa msaada, na sakafu yote imekuwa nyeupe.

Kwa Mama Bénita nilienda Jumatatu. Aliandika kwenye fomu: anakaa kwa ndugu, bila malipo. Akainua kichwa akauliza: "Si ulisema unalipa kila mwezi miaka miwili?" Nikasema nililipa. Akauliza ilikuwa kodi au haikuwa kodi. Nikamwambia ilikuwa kodi kwa nje ya bahasha. Hakuna nafasi ya kitu hicho katika fomu, kwa hiyo akaendelea. Kozi nimejiandikisha, inaanza Oktoba.

Sasa juu ya papa. Nilimuambia Jumapili wakati wa kula, mbele ya mama, kama ulivyonituma. Nikasema Shangazi anakuja, amechoka na baridi.

"Anakuja siku ngapi?"

"Kukaa, papa."

Aliweka kijiko chini. Alifuta mikono yote miwili kwenye kitambaa, akanyoosha kola ya shati kama mutu anayeingia darasani siku ya inspekta. Niliogopa. Mama akaendelea kula.

"Nyiramahirwe," akasema, "na wewe Umwiza, hata kama ulisoma kitabu. Niko na neno ambalo sijalisema mezani hapa miaka makumi mbili na moja. Hii nyumba haiko yangu. Iko ya Donatille. Tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa mupangaji."

"Tunajua," mama akasema. "Nisogezee chumvi."

Papa alimutazama muda murefu. Akamusogezea chumvi. Akauliza amejua tangu lini, mama akasema tangu alipotia sahani ya kwanza katika kabati, kwa sababu wewe ndiye uliyemukabidhi funguo. Akauliza mbona hakusema. Mama akasema hakuulizwa.

Alikula sahani mbili, Shangazi. Nilikuwa sijamuona anakula hivyo tangu pansio ikatike. Jioni yake alinikuta nafua, akaniambia nikuandikie kwamba mwenye nyumba habishi hodi kwake, na kwamba Benny asikulete mpaka Katoyi. Akuache kwenye mupaka, Petite Barrière. Papa atakuwa hapo kuanzia asubuhi na mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, wa kubeba godoro. Nilimuambia Benny hafiki kabla ya saa nane. Akasema anajua kusoma saa.

Tunakungojea, wote watatu, bila risiti,
Umwiza